Mji wa Kumpa Bibi

Kitendawili. Sema tega, hata kama mdomo mzito. Haya, nakutegea: nimeaga mji mzima, mzigo wangu nimeubeba, ufunguo wa mlango wangu nimempa mwengine, na jua linalonichwea mimi ndilo hilo hilo linalokuchwea wewe. Nani mimi?

Fikiri kidogo. Hukupata? Basi nipe mji. Ila usinipe sasa hivi, uweke kwanza, nikuhadithie ya Asma wa Gando, kaskazini ya Pemba. Naye aliulizwa hivi hivi na bibi yake, akaombwa mji, na mji wenyewe akakaa nao mdomoni miezi na miezi asiweze kuutoa.

Asma alilelewa na huyo bibi, Bi Mwanakhamis, tangu mama yake alipofariki, yeye akiwa wa miaka minne. Nyumba yao haikuwa na televisheni, ilikuwa na vitendawili. Bibi hutega, Asma hubahatisha, na akishindwa huambiwa, "Nipe mji," kama ilivyo ada. Akitoa Wete, bibi hujiweka sawa mkekani, akafumba macho, akasema, "Haya, nimekwenda Wete. Nimefika, nimepokewa, nimetandikiwa busati, nimekula wali kwa changu wa kukaanga. Na watu wa Wete wote wanauliza, hivyo yule Asma kashindwa na kitu chepesi namna hii?" Ndipo hutoa jawabu. Akipewa Chake, huenda Chake. Siku moja, alipokwisha kuimaliza miji yote aliyowahi kuisikia, Asma akamwambia, "Nakupa Maskati."

Bibi akafumbua jicho moja. "Huko mbali, mjukuu wangu. Nitakwenda na nani?"

"Na mimi," akasema Asma.

Neno la mtoto hilo, lakini lilikaa. Alipokuwa mkubwa akaolewa na Talib, fundi rangi wa magari, kijana wa hapo hapo Gando, mpole, mwenye tabia ya kuona haya hata akidondosha kijiko. Na Talib alikuwa na mjomba, Hamad, aliyekaa Omani miaka thelathini na karakana yake mwenyewe. Hamad akapiga simu: njooni nyote wawili. Talib atapiga rangi, mkewe atashona kofia, maana kule kofia ya mkono ina watu wake. Mtakaa miaka mitano, mtarudi mjenge ya matofali.

Asma alikuwa mshonaji wa kofia za viua. Bibi ndiye aliyemfundisha, tundu moja moja, kwa kastabani, kile kifuniko cha kidole cha kusukumia sindano, iliyomwachia alama kwenye kidole cha kati ambayo haitoki. Kila mwezi kofia zake hununuliwa na mfanyabiashara zikapelekwa huko huko Omani. Kwa hiyo jambo hili hakuliona kuwa ndoto. Kofia zinakwenda, kwa nini yeye asiende?

Wakapanga miaka miwili. Walikuwa na daftari, Talib akiandika upande mmoja vya kuuza, Asma akiandika upande wa pili vya kugawa. Walijifunza Kiarabu cha sokoni kutoka kwenye simu, na kwa muda chakula cha usiku kilikuwa hakiliwi mpaka mmoja aombe chumvi kwa Kiarabu.

"Utafika huko uwaombe chumvi tu," Asma humtania. "Watasema huyu Mpemba ana nini na chumvi?"

"Mie nitaomba chumvi, wewe utaomba samaki. Tutaishi."

Mikarafuu minane ya Talib ikauzwa kulipia viza na tiketi. Nyumba yao ya vyumba viwili akapewa Hafiz, mdogo wake Talib, aliyekuwa ndiyo kwanza kaoa. Viza ya Talib ikatoka. Ya Asma ikawa inangoja kitu kimoja tu, karatasi ya kupimwa afya, na wote wawili walitakiwa wakapimwe mjini Unguja. Hamad akasema hilo si kitu, ni kugongewa muhuri. Mtapimwa, siku ya tatu mtapanda ndege.

Basi wakaaga.

Na hapa ndipo kosa lilipo, kama unalitafuta. Mtu wa mahali pengine husafiri tu, akamwandikia jirani ujumbe akiwa njiani. Kwao Gando mtu haondoki hivyo kwa safari ya miaka. Huzunguka nyumba kwa nyumba, akaketi, akasema, "Nina safari, nakuja kutaka radhi," naye mwenye nyumba husema, "Tumekuradhi, nasi turadhi." Mtu aliyekosana naye kwa maneno miaka kumi nyuma, humwendea pia. Asma na Talib walizunguka siku mbili. Walisamehewa na watu waliokuwa wamesahau hata walichokosewa. Na kila nyumba iliwapa amana ya kupeleka: huyu kifurushi cha karafuu kwa kaka yake aliyeko Ibra, huko huko Omani, yule chupa ya mafuta ya mnazi kwa shangazi, yule mkeka wa kuswalia. Mama yake Talib, Bi Kazija, akatoa pweza mkavu mkubwa, amemfunga kwa karatasi na mfuko juu ya mfuko. "Wa Hamad huyo," akasema. "Mwambie dada yake hajamsahau."

Asubuhi ya kuondoka Bi Kazija akashika msahafu juu ya mlango, wakapita chini yake mara tatu, udi unafuka, watu wanaitikia amin mpaka barabarani. Bi Mwanakhamis hakutoka nje. Alikuwa ameketi kitandani, miguu imemvimba.

"Sasa ukishindwa," akamwambia Asma, "utanipa mji unaoukaa mwenyewe."

"Inshallah, bibi."

Kule Unguja mtu wa dirishani alikuwa na adabu sana. Akasema bwana hana tatizo. Akasema mkewe picha yake ya kifua ina kovu upande wa kushoto. Asma akamweleza: alipokuwa na miaka tisa aliugua kifua kikuu, na bibi yake alimbeba mgongoni miezi sita, kila asubuhi ya Mungu, kwenda kumeza dawa mbele ya muuguzi, hakukosa hata siku moja ya mvua. Alipona. Daktari aliitwa, akaitazama picha, akakubali. "Umepona zamani, dada yangu. Hii ni alama tu. Lakini wanaoitaka karatasi hii hawataki hata alama."

Wakatoka nje wakasimama kwenye kivuli cha ukuta. Asma akamwambia mumewe, "Nenda wewe. Nitafuata."

"Tumeaga wawili," akasema Talib.

Alilisema kwa mapenzi siku ile. Baadaye alilisema mara nyingi, na si kwa namna hiyo.

Walirudi Pemba kwa meli, wakashuka Mkoani, mji wa bandari kusini ya kisiwa, na mabegi yao manne, wakapanda mpaka zinapongoja gari za Chake na Wete. Talib akaliweka begi chini. Asma akadhani anapumzika. Kumbe mwenzake amesita moja kwa moja, anazitazama zile gari kama mtu aliyeonyeshwa kaburi lake.

"Siwezi," akasema.

"Huwezi nini?"

"Nitawaambia nini? Juzi wametulilia. Hafiz keshapaka rangi ukuta. Nirudi nimwambie mke wa mdogo wangu atoke? Tukae hapa siku mbili tatu, nizungumze na Hamad, tupate njia nyengine. Tukipata tunaondokea hapa hapa, hakuna atakayejua."

Asma naye, usimtupie lawama Talib peke yake, akaliona neno lile lina akili. Siku mbili tatu si kitu. Wakapata chumba kwa Mzee Silima, mtu mzima asiyeuliza sana, juu kilimani. Dirisha lake lilitazama bandarini. Siku hiyo jioni, Asma akipuliza jiko la mkaa, simu ya Talib ikalia. Ni mama yake.

"Mmefika, mwanangu?"

Talib akamtazama Asma. Asma akatazama jiko.

"Tumefika salama, mama. Joto tu."

Basi. Neno lenyewe ni hilo. Halikuchukua hata pumzi nzima.

Siku tatu zikawa wiki, wiki zikawa mwezi. Simu walipiga kwa mtandao, ambao hausemi mtu yuko wapi. Picha za video walisema hazishiki vizuri. Asma akawa hatoki ila amevaa ninja, kile kitambaa cha kufunika uso, maana watu wa Wete na Gando hushuka Mkoani kila siku ya meli. Talib alipata kazi ya kuvunja kokoto huko ndani, mbali na barabara, akienda alfajiri na kurudi amekuwa mweupe vumbi kama aliyetumbukizwa kwenye unga.

"Wewe una ninja," akamwambia mkewe siku moja, "mie nina vumbi. Leo nimepishana na Mgeni bin Faki, jirani wa ukuta kwa ukuta, kanipa salamu kama mtu asiyenijua."

"Si ndivyo ulivyotaka?"

"Ndivyo nilivyotaka," akasema Talib, na hakucheka wala hakula vizuri usiku ule.

Kofia aliendelea kushona. Mfanyabiashara mwengine wa hapo Mkoani akawa anazichukua, bila kujua anazichukua kwa nani. "Hizi nzuri mno, bibiye," akasema kupitia mlango ulioegeshwa. "Hizi moja kwa moja Maskati." Asma akazifunga vizuri, akampa. Akasimama dirishani akaitazama meli ikiondoka na viua vyake vyote.

Na zile amana zilikuwa pembeni mwa chumba, zimepangwa. Karafuu zikinukia, chupa za mafuta zikiganda na kuyeyuka. Kuzipeleka kwa mkono wa mtu mwengine kusingewezekana, angeulizwa kazipata wapi. Watu wa Ibra wakawa wanawauliza wa Gando, mbona hatujaona kitu? Watu wa Gando wakamuuliza Talib. Talib akasema Omani kubwa, kazi nyingi, bado hatujapata nafasi ya kuzunguka. Mjomba Hamad alijua yote, naye alinyamaza kwa sababu aliombwa, lakini kila simu alisema, "Mimi si mtu wa kuficha ficha, Talib. Fanyeni haraka."

Mwezi wa tano mvua ilishika wiki mbili, kokoto ikasimama, mnunuzi wa kofia naye asije, na ndani ya nyumba kukawa hamna kitu cha kutia chunguni. Yule pweza alikuwa ananing'inia kwenye msumari. Hakuna aliyemtaja. Siku ya tatu Talib akanyanyuka mwenyewe, akamshusha, akafungua mfuko juu ya mfuko, akamtia maji. Asma akakuna nazi bila kuambiwa. Walimla wakinyoosha mikono kwenye sinia moja. Alikuwa mtamu, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

"Tumekula amana," akasema Asma.

"Ya mama yangu."

"Si yako. Ya Hamad."

Kesho yake Bi Kazija akapiga. Hamad kampenda yule pweza? Talib akasema, "Amelambwa mpaka sinia, mama," na hapo hakusema uongo. Alipokata simu alikwenda nje, akakaa mvuani muda mrefu.

Mwezi wa sita wakaenda Unguja tena kupima. Kovu lilikuwa pale pale, kovu haliendi popote. Baada ya hapo viza ya Talib ikaisha muda wake, na Hamad akasema kwa upole kwamba keshaajiri mtu. Daftari lile la mipango Asma akalitafuta siku hiyo asilione. Kumbe Talib amelitia jikoni, karatasi moja moja, kuwashia mkaa.

Ungedhani hapo wangerudi kwao. Kwani kimebaki nini cha kuficha? Lakini mtu aliyedanganya siku tatu hurudi anacheka, na wa mwezi mmoja hurudi ameinamisha kichwa. Wa miezi saba, aliyekula amana, aliyesimulia joto la Maskati na bei za tende na harusi ya mtu asiyekuwepo, huyo arudi na uso gani? Talib kila siku alikuwa anazidi kuwa mdogo. Mchana anavunja mawe, jioni anakaa ameegemea ukuta. Asma akimtajia Gando, husema lile neno lake, "Tumeaga wawili," kama mtu anayemsomea mwenzake hukumu.

Bi Mwanakhamis alikuwa akizungumza na Asma kila Ijumaa, Yumna akimshikia simu. Yumna ni binti wa ami yake Asma, ndiye aliyebaki kumtunza. Ijumaa moja mazungumzo yalirefuka, bibi akieleza habari za kuku wake aliyeibiwa, mara msikiti wa chini kwa Mzee Silima ukaadhini magharibi. Asma akaziba simu kwa kiganja, lakini mkono ulichelewa. Na kwenye simu, kutoka Gando, akasikia adhana nyengine ikianza. Allahu akbar huku, Allahu akbar kule, bega kwa bega.

Bibi akanyamaza mpaka zote mbili zikaisha. Ndipo akasema, "Marehemu babu yako alikwenda Maskati mara mbili, na majahazi. Alikuwa akisema jua la kule linatangulia. Siye tukiwa tunachota maji ya udhu, wao weshaswali zamani, wanakula."

"Ndiyo, bibi."

"Ahaa," akasema bibi. "Kitendawili."

"Tega."

Bibi akamtegea, kile nilichokutegea wewe. Mji mzima nimeuaga, ufunguo nimetoa, jua langu ni jua lenu. Nani mimi? Alikitamka taratibu, bila ukali, kama alivyokuwa akimtegea akiwa na miaka sita.

"Nimeshindwa, bibi."

"Nipe mji."

"Nakupa Maskati."

"Huo siutaki. Nipe mwengine."

"Nakupa Ibra."

"Na huo siutaki. Hebu nipe mji wenye watu, mjukuu wangu. Mji uliopo."

Asma akafungua mdomo. Talib alikuwa ameegemea ukuta, amesikia yote, na macho yake yalikuwa yanaomba, si yanatisha, yanaomba. Asma akafunga mdomo.

"Basi weka," akasema bibi. "Utanipa siku yako. Sitoi jawabu mpaka nipewe mji."

Ijumaa iliyofuata akauliza tena, na iliyofuata, mpaka mwaka wa kuaga kwao ukatimia. Hakuuliza mko wapi, hakuuliza kumetokea nini, hakumwambia mtu. Aliomba mji tu. Asma kila mara alisema, "Bado nafikiri, bibi," kisha akakata simu akalia ndani ya upindo wa mtandio ili Mzee Silima asisikie.

Kisha Yumna akapiga, siku ambayo si Ijumaa.

"Bibi hali siku ya nne," akasema. "Maji tu, kwa kijiko. Daktari kaja kasema hamna la kufanya tena, tumkalie karibu. Macho haoni tena. Na hazungumzi la maana, dada, anasema wewe una mji wake."

Asma akauvuta mkoba wake chini ya kitanda.

"Upo?"

"Nipo."

"Najua huko mbali. Nilitaka ujue tu, usije ukasema hukuambiwa."

Talib aliporudi alimkuta Asma amekwisha kuvaa, mkoba begani. Hakuuliza. Aliketi chini na vumbi lake.

"Nakwenda Gando," akasema Asma.

"Ukienda, umenivua nguo mbele ya watu."

"Nitavaa ninja. Nitaingia kama mgeni, nimwone, nitoke."

"Na sauti yako je? Mama yangu yuko pale kutwa. Anawahadithia watu habari zangu za Maskati." Akajifuta uso, vumbi likawa tope. "Asma, mie sina kitu tena. Sina mikarafuu, sina nyumba, sina kazi ya kusema. Nina hili tu, kwamba kule kwetu wanadhani nipo mahali. Ukilitoa hilo, Gando sirudi maisha yangu, na hapa pia hutanikuta. Nakwambia ukweli, si kukutisha."

Asma alimjua mumewe. Alijua kweli hakuwa anamtisha. Mtu anayeona haya akidondosha kijiko.

"Sitafungua mdomo," akasema.

Alifika Gando baada ya adhuhuri, kijiji kimetulia. Akapita mbele ya nyumba yake mwenyewe. Nusaiba, mke wa Hafiz, alikuwa ameweka mapazia ya kijani na ameung'oa ule mwasmini wa dirishani, mahali pake amepanda pilipili. Mtoto wa miezi miwili hivi alikuwa analia ndani. Asma hakusimama. Watu watatu walimpa salamu, akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amewaaga wote watatu, mmojawapo alimwombea huku anatokwa na machozi.

Kwa bibi palijaa viatu mlangoni. Ndani wanawake wamekaa mkekani, Bi Kazija katikati yao na tasbihi yake, anasimulia. "Wangekuwa karibu si wangekuwa hapa saa hizi? Lakini bahari hiyo. Talib wangu analia kwenye simu, hivi juzi, analia kama mtoto."

"Assalamu alaykum," akasema Asma kwa sauti ya chini chini.

Wakaitikia. Yumna akamsogezea nafasi. "Karibu, dada. Funua uso, hapa wanawake watupu."

Asma akagusa koo lake, akatikisa kichwa.

"Anaumwa koo, masikini," akasema mmoja. "Mwacheni. Atakuwa wa kwa kina Faki, wana wageni."

Bi Mwanakhamis alikuwa kitandani, mdogo kuliko mto aliolalia. Yumna akamwinamia sikioni. "Bibi, kuna mtu kaja kukutazama." Na bibi, kama walivyozoea wagonjwa wa kwao, akatoa mkono nje ya shuka ili apewe mkono.

Asma akampa. Alitaka kuubusu mara moja na kuuachia. Vidole vya bibi vilimpanda kidogo kidogo, kiganja, kidole cha shahada, kisha cha kati. Hapo vikasimama. Kidole gumba cha bibi kikazunguka ile alama ya kastabani, mara moja, mara ya pili, kama mtu anayetafuta ncha ya uzi. Kisha ule mkono uliokosa nguvu hata ya kushika kijiko ukamshika Asma.

"Kitendawili," akasema bibi.

Wanawake wakatazamana, wengine wakatabasamu kwa huruma. Yumna akasema, "Tega, bibi."

"Nimeaga mji mzima," akasema bibi, na kila neno alilipanda kama ngazi. "Ufunguo nimetoa. Jua langu... ni jua lenu. Nani mimi?"

"Hicho kigumu, bibi," akasema Yumna. "Tumeshindwa."

"Nipeni mji."

"Nakupa Wete," akasema mwanamke wa mlangoni, kumfurahisha.

Bibi akatikisa kichwa.

"Nakupa Unguja," akasema mwengine.

"Siutaki."

Bi Kazija akaweka tasbihi mapajani. "Nakupa Maskati, bibi. Waliko wajukuu zako. Nenda huko upumzike kwao."

"Huko hakuna mtu," akasema bibi. Hakugeuza kichwa. Macho yake yasiyoona yalikuwa upande wa Asma. "Nasema na huyu. Huyu ana mji wangu. Nipe, nitoe jawabu nipumzike. Nimechoka kungoja."

Bi Kazija akamtazama yule mgeni, kwanza usoni penye kitambaa, kisha chini, kwenye mkono ulioshikwa, kwenye kile kidole. Tasbihi ikamteleza ikaanguka mkekani, asiiokote.

Asma alimwona Talib kule kwenye kokoto, nyundo juu, mweupe, hajui. Aliona chumba cha Mzee Silima, mlango wazi, msumari mtupu ukutani, hamna mtu. Akajua, kama anavyoijua sindano yake, kwamba jioni hii hatamkuta. Na akajua kwamba mkono huu uliomshika, uliombeba miezi sita mgongoni, ulikuwa unaanza kulegea.

Kwa mkono wa pili akakiinua kile kitambaa, akakiweka juu ya kichwa, uso wake wote ukawa nje.

"Nakupa Mkoani, bibi," akasema.